Sadaka haina faini, ndiyo maana hulipwa mwisho (uzi kutoka Tabora)

#1 Mhazini wa Ng'ambo (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wadau, na kwa wale wasiosalimiana hivyo, habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, na kwa miaka sita sasa ni mhazini wa usharika wetu, kazi isiyo na mshahara lakini yenye lawama za kutosha. Naandika baada ya kikao cha wazee wa kanisa kilichoahirishwa juzi usiku bila kuamua jambo, ingawa ajenda ilikuwa moja tu: waumini hawatoi. Mzee mmoja alisema imani imepoa. Mwingine alisema maisha yamepanda. Mchungaji alinyamaza, nami nilinyamaza pia, kwa sababu nilikuwa na karatasi mfukoni ambayo sikuwa na ujasiri wa kuitoa. Nitaieleza hapa, ambako hakuna anayenijua.

Kwanza nieleze kinachoonekana mezani. Kila Jumapili baada ya ibada tunakaa watu watatu katika ofisi ya mchungaji, tunamwaga vikapu na kuanza kuhesabu. Sarafu za mia na za mia mbili ndizo nyingi. Noti za akina mama wanaouza dagaa sokoni unazitambua kwa harufu kabla hujazikunjua. Zipo noti za elfu moja zilizokunjwa mara nne mpaka zikawa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kuzikunjua bila kuzichana ni kazi inayotuchukua muda kuliko kuhesabu kwenyewe. Nimejifunza jambo moja katika meza ile: mtu hukunja noti kwa aibu ya udogo wake. Noti ya elfu kumi huingia kikapuni ikiwa imenyooka. Kwa hiyo sikubaliani na mzee wetu anayesema watu hawajali, kwa kuwa asiyejali haoni aibu.

Sasa karatasi yangu. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu niliomba taarifa ya miamala ya simu yangu kwa ajili ya jambo lingine kabisa, yaani mteja aliyedai kwamba amenilipa nami nikikana. Nilipokuwa nikipekua nikaanza kujumlisha mwezi wa pili wote. Kikoba kilichukua shilingi 40,000. Michango ya sherehe, sendofu moja na kipaimara cha mtoto wa jirani, ilichukua 45,000. Umeme wa LUKU 20,000. Bando la intaneti 26,000. Kubeti, naomba msinicheke, 11,500, tena kwa mikeka, yaani tiketi za kubashiri mechi, ya mia tano na elfu moja ambayo kila mmoja nilipoutuma nilijiambia kuwa ni kitu kidogo. Kisha nikafungua rejista ya bahasha, ambayo ninaitunza mimi mwenyewe, nikaangalia namba yangu: Jumapili nne, elfu mbili kila Jumapili, jumla 8,000. Mhazini wa kanisa alikuwa ameitolea timu ya mpira ya Ulaya 3,500 zaidi ya alivyomtolea Mungu.

Niliumia, lakini baada ya maumivu nilijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha uzi huu. Je, ni lini nilikaa nikaamua kwamba mkeka ni muhimu kuliko kanisa? Jibu ni kwamba sikuwahi. Hakuna mtu anayeamua hivyo. Kinachotokea ni kwamba kila mdai katika maisha yangu ana namna yake ya kunisukuma, isipokuwa mmoja. Kikoba kina faini: ukichelewesha hisa au marejesho unatozwa mbele ya wenzako, na jina lako linabaki midomoni mwa wanachama wiki nzima. LUKU haibishani, inazima taa. Bando linaisha saa sita usiku. Sherehe ina kadi, ina tarehe ya mwisho, na ina mwenyekiti wa kamati anayekupigia simu saa mbili asubuhi kukukumbusha kwamba umeahidi. Hata mkeka una saa ya mechi kuanza. Sadaka peke yake haina faini, haizimi kitu, haipigi simu. Inakaa kimya mpaka Jumapili asubuhi, na wakati ule ninapofunga vifungo vya shati ndipo ninapapasa mfukoni kuona kilichobaki.

Kwa miaka yote hiyo nilidhani kwamba kuhamasisha utoaji ni kazi ya mhubiri, kwamba mahubiri yakiwa na moto wa kutosha mikono itaingia mifukoni. Lakini mahubiri yanasikika Jumapili saa nne, na fedha yangu iliamuliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Mhubiri anazungumza na mfuko uliokwisha kugawanywa. Ndiyo maana nimerudia mara nyingi Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 16, mahali Paulo anapowaelekeza watu wa Korintho kuhusu mchango wa ndugu wa Yerusalemu. Anawaambia kila mtu aweke akiba kwake, siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri alivyofanikiwa, ili kusiwe na michango wakati yeye atakapofika. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara mia bila kuyaona. Mtume mwenyewe hakutaka harambee. Alitaka fedha iwe imetengwa nyumbani kabla mgeni hajabisha hodi, pengine kwa sababu alijua kwamba fedha inayoombwa mbele ya mkutano hutoka kwa haya, na haya ikiisha haitoki tena.

Basi nimeanza jambo dogo. Chini ya meza ya cherehani nina kopo la maziwa ya unga, nimelitoboa mfuniko. Suruali ya shule naishona kwa 8,000. Mteja akinipa fedha, mia nane inaingia koponi kabla ya kununua uzi, kabla ya chai, kabla ya simu. Mwezi wa kwanza wa kopo, ambao haukuwa mwezi wa kazi nyingi, nilipeleka kanisani 31,000. Sikuongeza kipato hata senti, wala sikuacha kuchangia sherehe. Kilichopungua ni bando, na mikeka nimeiacha, au tuseme imeniacha, kwa kuwa fedha ile ndogo ndogo iliyokuwa ikiilisha sasa haipo mfukoni.

Naomba wadau mnisaidie kufikiri, hasa kuhusu namna ya kuwahimiza wengine bila kugeuza sadaka kuwa deni jingine. Naomba kuwasilisha.

#2 Mwalimu wa Nzega

Ndugu mleta mada, nimeusoma uzi wako mara mbili na nakupongeza kwa kuungama, ila naona umemkamata mwizi mmoja ukamwacha mwenzake. Umesema sadaka inakaa kimya. Labda kwenu. Huku niliko, ibada iliyopita niliombwa fedha mara saba, na sitii chumvi kwa kuwa nilizihesabu kwa vidole: sadaka ya kawaida, bahasha ya ahadi, mchango wa jengo, shukrani ya mtu aliyepona, nauli ya mgeni aliyehubiri, vyombo vya kwaya, na mnada nje baada ya ibada. Kila moja ilitangazwa kama ndiyo ya mwisho. Mtu anayeombwa mara saba hujifunza kugawa elfu mbili zake katika mafungu saba, na hizo ndizo sarafu mnazohesabu mezani mkidhani ni uchoyo.

Pili, tuzungumze kuhusu mishahara. Mimi ni mwajiriwa, na kabla sijauona mshahara wangu, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi imekwisha kukata asilimia 15 ya mshahara, achilia mbali kodi na hifadhi ya jamii. Ninakwenda benki kuchukua mabaki. Katika mabaki hayo namtunza baba yangu mzee aliyeko kijijini, mwenye presha, na wadogo zangu wawili walioko shule. Ni kweli ada katika shule za serikali iliondolewa, mwaka 2016 hadi kidato cha nne na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita, lakini mtoto hali ada, anakula chakula, anavaa sare na anaandika katika daftari. Ninaposikia mhubiri akisema kwamba anayempa baba yake dawa na kumnyima Mungu fungu la kumi ni mwizi, nakumbuka habari ya Korbani katika Marko sura ya 7, ambapo Yesu anawakemea waliomruhusu mtu kumwambia mzazi wake kwamba msaada wake umekwisha kuwekwa wakfu. Maneno yale yalisemwa dhidi ya viongozi wa dini, hayakusemwa dhidi ya watoto wanaotunza wazazi.

Na la tatu, ambalo linaniuma mpaka leo. Shangazi yangu alipofariki, katika kanisa ambalo sitalitaja, wazee walikuja msibani wakauliza rejista ya ahadi kabla ya kuuliza alifariki kwa ugonjwa gani. Alikuwa amelala kitandani miezi minane. Ilibidi tukusanye fedha usiku ule ule, tena nyingine tuliikopa kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, ili marehemu azikwe na mchungaji. Wewe unasema sadaka haina faini. Wapo waliokwisha kuiwekea, na faini yake hulipwa na maiti.

#3 Mhazini wa Ng'ambo (mleta mada)

Mwalimu, pole sana kwa msiba na kwa yaliyofuata. Sitatetea jambo lile, wala sitasema kwamba huenda kulikuwa na kutoelewana.

Baada ya kukusoma nilichukua tangazo la Jumapili yetu nikahesabu pia. Tuliomba mara tano. Nilishangaa, kwa kuwa kama ungeniuliza kabla ningekujibu mara mbili. Anayeomba hahesabu, anayeombwa ndiye anayehesabu.

Kuhusu mjane wa senti mbili, ambaye hutajwa katika kila hamasa ya kutoa, nimeona kitu ambacho wahubiri wetu hukiruka. Katika Marko sura ya 12, mstari unaotangulia habari yake Yesu alikuwa akiwaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mara tu baada ya onyo hilo ndipo anaketi kulielekea sanduku la hazina na kumwona mjane akitia vyote alivyo navyo. Kwa hiyo sura ile inamtukuza mtoaji na wakati huo huo inamwangalia kwa jicho kali anayepokea. Sisi wahazini tunakaa upande wa pili wa sanduku. Tukiusoma mstari mmoja na kuufunika ule wa juu yake, tunajipendelea.

Hata hivyo, Mwalimu, sitaki hoja yako ifute yangu. Makosa ya kanisa ni sababu halali ya kudai hesabu, na hata ya kukataa mchango wa nauli ya mgeni, lakini si sababu ya zile 11,500 zangu. Siku nilizobeti hakuna mzee wa kanisa aliyekuwa amenikera.

#4 Mama Bani

Shalom kaka zangu. Naandika kutoka Urambo, na nyote wawili mnaandika kama watu wanaopata fedha kila mwezi au kila siku. Sisi wa tumbaku tunapata fedha mara moja kwa mwaka, na ninyi watu wa mjini mnaposema "kila Jumapili" hatuelewani.

Kitalu tunakiandaa mwezi wa nane au wa tisa, mvua zikianza tunahamishia miche shambani, tunavuna majani kuanzia mwezi wa pili, tunayakausha kwenye bani kwa moto wa kuni usiku na mchana, mtu analala hapo hapo akichochea, kisha tunayapanga kwa madaraja na kufunga marobota. Masoko yakifunguliwa ni mwezi wa nne au wa tano, na kwa miaka mingi bei imekuwa ikitajwa kwa dola ingawa sisi tunanunua chumvi kwa shilingi. Chama cha msingi kinakata kwanza mkopo wa mbolea na pembejeo nyingine. Kinachobaki kinaingia benki, na kinaweza kuchelewa. Sasa mhubiri anasimama mwezi wa kwanza, wakati ghala la mahindi limebaki vumbi na sisi tunakula maembe na michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, anatuambia tujaze bahasha za ahadi za robo ya kwanza. Tunaandika ahadi kwa kuwa kukataa ni aibu, na mwezi wa tatu majina yetu yanasomwa kuwa hatujatimiza. Hapo ndipo wengi wanapoanza kusali nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo hamjaligusa kwa kuwa nyote ni wanaume. Katika bani tunalala wote, lakini akaunti ya benki ina jina la mume. Fedha ikiingia, anakwenda mjini kuichukua, na msimu wa malipo ni msimu wa pombe, wa pikipiki mpya na wakati mwingine wa mke mpya. Mimi sina kopo la kutoboa. Nina kuku, nina karanga, nina viazi vyangu. Nikitoa, natoa hivyo.

Na hapo nawaambia msidharau mnada, Mwalimu. Mwaka jana katika sadaka ya mavuno nilipeleka jogoo mwekundu ambaye sokoni angeuzwa elfu ishirini. Mzee wa kanisa akamshika miguu, akamwinua juu. Mnunuzi wa kwanza akatoa 15,000 akasema mrudisheni auzwe tena. Wa pili akatoa 12,000, naye akamrudisha. Wa tatu, kijana wa kwaya ambaye ndiyo kwanza ameoa, akatoa 18,000 akamchukua, na mkewe akamfunga mabawa kwa kitenge. Jogoo mmoja, 45,000. Mimi nilisimama chini ya mwembe nikijua kwamba hakuna aliyewahi kutoa fedha nyingi hivyo kutoka nyumbani kwangu, wala mume wangu. Mchungaji alipotangaza jumla hakutaja majina, ila kila mtu alijua jogoo alikuwa wa nani.

Ombi langu kwa wahazini ni dogo: tuulizeni ahadi mwezi wa sita.

#5 Mzee wa Usoke

Vijana wangu, nimewasoma. Mnazunguka sana. Zaka ni moja ya kumi, haikuandikwa "ikibaki". Wamoravian walipoichukua misheni ya Urambo kutoka kwa watu wa London Missionary Society mwaka 1898, fedha ya kazi ilitoka kwa Wakristo wa Ulaya, ambao wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliojinyima. Sisi tukazoea kwamba kanisa lina mwenyewe aliye mbali, na sadaka yetu ikawa kama kumshika mkono mgeni, heshima tu. Huyo wa mbali siku hizi hayupo, au yupo na ana shida zake. Paa likivuja linatunyeshea sisi. Hilo la maziko ni dhambi, nalisema kama mzee wa kanisa mstaafu. Lakini msilitumie kujificha.

#6 Mvuvi wa Kibirizi

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, niko Kigoma, na nimeufuata uzi huu kwa sababu mama wa Urambo amesema jambo ambalo nilidhani ni letu peke yetu.

Sisi wa dagaa fedha yetu hufuata mwezi wa angani. Tunavua kwa taa, na taa inavuta dagaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hutawanyika wala hawaijii tena taa yako, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi inavutwa nchi kavu na sisi tunashona nyavu. Katika mwezi mmoja zipo Jumapili nina fedha na zipo Jumapili sina hata ya sabuni, na mpangilio huo hausogei kwa mahubiri. Tena fedha ya giza haiji kama mshahara. Inaondolewa ya mafuta kwanza, kisha fungu la mwenye chombo, kisha sisi wa ndani tunagawana asubuhi pale mwaloni, ufukweni tunaposhushia dagaa, wakati mama wa chapati, mwenye duka na mdai wa jana wote wamesimama wanatutazama. Mtu anaweza kuishiwa kabla hajafika nyumbani.

Kwa hiyo mimi na wenzangu wawili wa jumuiya tulikubaliana, kabla sijasoma habari ya kopo, kwamba fedha ya zaka tunamkabidhi mwenzetu mmoja hapo hapo mwaloni, kila usiku wa kazi, na yeye anaandika kwenye daftari. Mwisho wa giza anagawa tunajaza kadi zetu. Alichaguliwa huyo kwa kuwa hanywi. Sikuwa najua kuwa Mtume Paulo alikuwa ameandika jambo kama hilo. Sisi tulifanya kwa kuogopa vibanda vya njiani.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Wiki ya tatu niliacha kwenda misani, na nasema ukweli, sikuacha kwa sababu ya imani bali kwa sababu ya mikono mitupu wakati wa matoleo, watu wanaposimama mstari na wewe umebaki kwenye benchi. Mwenyekiti wa jumuiya alinifuata nyumbani. Hakuniambia "njoo hata bure", neno ambalo lingeniongezea aibu. Aliniambia kwamba kigango kinachekecha mchanga wa kupiga lipu na hakuna watu. Nilichekecha mchanga siku nne. Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye mstari wa matoleo, mkono wangu ukiwa hauna kitu, nikagusa kikapu nikapita. Hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo ndugu Mhazini, unapotafuta namna ya kuhimiza, angalia pia nani hayupo kwenye benchi, kwa kuwa karatasi yako inakuonyesha waliotoa kidogo lakini haikuonyeshi waliokimbia.

#7 Mwalimu wa Nzega

Mvuvi umenifunga mdomo, lakini si wote. Nina maswali mawili kwa mleta mada kabla sijaondoka. Je, kwenu mnasoma majina ya waliotoa na kiasi? Na je, muumini wa kawaida anaweza kujua fedha ilikwenda wapi bila kuonekana mkorofi?

#8 Mhazini wa Ng'ambo (mleta mada)

Wadau, samahani kwa kuchelewa, ni msimu wa sare za kwaya na nimekuwa nikilala na cherehani. Kikao cha pili kilifanyika Jumanne, na safari hii nilitoa karatasi yangu mfukoni nikaisoma mbele ya wazee, pamoja na ile 11,500. Kulikuwa na kimya kirefu. Kisha mzee yule aliyesema imani imepoa akasema kwamba yeye hana taarifa ya miamala, lakini akiulizwa kuhusu mwezi wa pili wake angependa asiulizwe. Tulicheka, na baada ya hapo tuliweza kuzungumza.

Mwalimu, majina tulikuwa tukiyasoma. Tulianza zamani kwa nia njema, kumshukuru mtu mmoja aliyetoa mabati, kisha ikawa desturi, na desturi ikawa mashindano kwa wenye uwezo na adhabu kwa wasio nacho. Tumekubaliana kuacha. Mzee mmoja alipinga, akasema watoaji wakubwa watapunguza wasiposikia majina yao, na huenda ana haki, nitaona kwenye rejista. Nilimjibu kwa Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, ambapo Paulo anasema kipawa hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Hakuridhika. Maombi ya fedha katika ibada tumeyapunguza kutoka matano hadi mawili, sadaka na ahadi, na mengine yote yatatoka humo humo au yasubiri. Nauli ya mgeni tutaipanga kabla ya kumwalika.

Mama wa Urambo, hapa mjini tuna wakulima wachache, lakini tuna mafundi, wauza maembe na akina mama wa genge, kwa hiyo tumeacha kuandika ahadi ya robo mwaka. Fomu mpya inamuuliza mtu apate kusema mwenyewe: fedha yako huingia lini, na siku hiyo utatenga kiasi gani? Anayepata kila siku ataandika kwa siku, anayepata mara moja kwa mwaka ataandika mwezi wake. Nimeweka pia mstari wa anayetoa kwa vitu au kwa kazi, na hapo nilimfikiria Mvuvi na mchanga wake. Kuhusu akaunti yenye jina la mume sina fomu ya kukusaidia, dada yangu, na sitajifanya ninayo. Nililitaja katika kikao na wazee wote, ambao ni wanaume, wakaangalia mezani.

Swali lako la pili, Mwalimu, ndilo lililotuchukua muda mrefu, kwa kuwa hesabu zetu zilikuwa zikisomwa mara moja kwa mwaka katika mkutano mkuu, haraka haraka, watu wakiwa na njaa. Katika sura ile ile ya 8 Paulo anaeleza kwamba alituma watu waaminifu pamoja na mchango ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha ile. Kama Mtume alijilinda na lawama, fundi cherehani ni nani? Tumebandika karatasi ya manila mlangoni, kwa kalamu nene: upande mmoja kilichoingia mwezi huu, upande wa pili kilichotoka, mstari kwa mstari, posho ya mchungaji, LUKU, mafuta ya pikipiki ya kutembelea wagonjwa, dawa ya mchwa wa madhabahuni, msaada kwa familia mbili bila majina, chai ya kikao cha wazee.

Jumapili ya kwanza watu walipita tu. Jumapili ya pili niliwakuta vijana wawili wakiisoma kwa kidole. Jumapili iliyopita nilipokwenda kuibandua ili niweke mpya nilikuta mtu amechora alama ya kuuliza kwa penseli, ndogo lakini imekolezwa, pembeni ya mstari wa chai. Sijui ni nani na sijatafuta kujua. Kikao kijacho ni Alhamisi, na yule mzee aliyepinga habari ya majina ameshanipigia simu kuuliza kama aje na chupa yake ya chai kutoka nyumbani.